Safu ya Ukuu

Ifahamike kwa wote, waliopo na wasiokuwapo, waliosajiliwa na wanaosubiri kusajiliwa, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya muhula huu hakuna mtu atakayeitwa profesa katika Chuo hiki bila kuwa na haiba ya kiprofesa, iliyopimwa, ikasahihishwa na kugongwa mhuri pande zote mbili.

Ndivyo ulivyosema Waraka Namba Arobaini wa Mkuu wa Chuo, na ulibandikwa kila mahali penye ukuta. Ulibandikwa maktaba, ukabandikwa bwaloni, ukabandikwa hata nyuma ya mlango wa msalani wa wahadhiri wa kike. Hapo ndipo Mama Dodoso alipousoma, tena mara tatu, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusoma.

Jina la Mama Dodoso alipewa na wanafunzi, naye hakulikataa. Alikuwa mhadhiri mwandamizi wa saikolojia ya tiba, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifanya kazi moja: kupima haiba za watu. Siku za Jumanne na Alhamisi alivuka barabara kwenda hospitalini kuona wagonjwa, siku nyingine alifundisha. Kati ya hapo alikuwa na chumba kidogo chini ya ngazi za jengo la utawala, chenye viti viwili na dirisha linaloonyesha miguu ya wapita njia, ambamo mtu yeyote wa Chuo aliyelemewa na maisha angeweza kuingia, akakaa, akaongea.

Alipoanza kazi, wodi ya magonjwa ya akili ilikuwa ikitumia dodoso lililotoka ng'ambo, lililotafsiriwa na mtu mwenye haraka zake. Swali la kwanza liliuliza: je, huwa unasikia sauti za watu usiowaona? Wagonjwa wote walijibu ndiyo. Manesi nao ndiyo. Mganga mkuu, ndiyo. Mama Dodoso alisumbuka wiki nzima, hadi alipowatembelea makwao akagundua kwamba nyumba za mtaa ule zina kuta nyembamba, na jirani akigombana na mkewe huna haja ya kumwona. Swali la pili liliuliza kama unahisi watu wanakusema. Mama mmoja muuza mitumba alijibu, "Sihisi, nawajua. Ni mawifi zangu watatu. Nikuandikie majina?" Kwa mujibu wa dodoso lile, mtaa mzima ulipaswa kulazwa, na magodoro hayakutosha.

Basi Mama Dodoso akatunga dodoso lake mwenyewe. Maswali tisini, safu sita. Alilijaribu kwa watu elfu nne na mia mbili: makondakta, wakunga, mahakimu, wapiga debe, walinzi, bibi harusi wawili na mchimba makaburi mmoja aliyekuwa mchangamfu kuliko wote. Safu ya kwanza hadi ya tano zilipima mambo ya kawaida, kama utulivu, bidii na wasiwasi. Safu ya sita haikuandikwa jina kwenye karatasi, na ilikuwa hivyo kwa makusudi. Ilikuwa na sentensi kumi na tano za namna hii: "Sijawahi kusema uongo, hata mdogo." "Kila ninapokosolewa hufurahi." "Sijawahi kupiga miayo mkubwa wangu anapozungumza." Mtu anatakiwa aweke alama ya vema kama sentensi ni kweli kwake. Mtu mkweli wa kawaida huweka vema mbili, tatu, nne. Akiweka zaidi ya kumi, ujue anakudanganya ili aonekane mwema, na majibu yake mengine yote huwezi kuyaamini. Hiyo ndiyo ilikuwa safu ya sita: mtego wa uongo, umetegwa kwa adabu.

Kwa kazi hiyo alikuwa ameomba uprofesa mara mbili. Mara ya kwanza Kamati ilisema utafiti wake una watu wengi na takwimu chache. Akaongeza takwimu. Mara ya pili Kamati ilisema una takwimu nyingi hadi watu hawaonekani. Sasa aliomba kwa mara ya tatu, na hii ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa kanuni ya Chuo inasema anayekosa mara ya tatu ataachwa apumzike. Tena kulikuwa na jambo zaidi ya cheo. Idara isiyo na profesa ingefungwa mwisho wa mwaka, wanafunzi wake sita wangehamishiwa Idara ya Masoko, na kile chumba chini ya ngazi kingekuwa stoo ya viti vya mahafali. Lakini tusimsingizie unyenyekevu. Hata kama pasingekuwa na chumba wala wanafunzi, Mama Dodoso alikitaka kile cheo. Alikitaka kwa moyo wote, kama mtu anavyokitaka kiti baada ya kusimama siku nzima.

Kamati ya Haiba Stahiki ilifanya kazi yake kwa umakini mkubwa, na wanaosema vinginevyo hawakuwepo. Iliagiza maktaba itafute chombo cha kupimia haiba, na maktaba ikatoa dodoso moja la zamani lililokuwa rafu ya chini. Likatolewa nakala. Hapo ndipo ulipozingatiwa Waraka wa Kubana Matumizi ya Karatasi, unaoelekeza kwamba jalada la nje na viambatisho visitolewe nakala, kwa kuwa havina kazi. Jalada lilikuwa na jina la mtunzi. Kiambatisho kilikuwa na maelezo ya kila safu inapima nini. Vikabaki maktaba, na karatasi mbili zikaokolewa kwa kila mtahiniwa.

Ikabaki kupanga alama ya kufaulu. Mwenyekiti wa Kamati alitoa hoja ambayo mpaka leo haijapata mpinzani. "Ukitaka kujua urefu wa twiga, humpimi mbuzi," alisema. "Tunataka haiba ya mtu mkubwa. Tuwapime wakubwa." Dodoso likapelekwa kwa Mkuu wa Chuo na Manaibu wake watatu, likarudi limejazwa kwa kalamu ya wino. Katika safu tano za mwanzo, wakubwa walitofautiana kama siku za juma. Lakini katika safu ya sita walikubaliana kwa namna iliyowatoa wajumbe jasho: Mkuu, kumi na tano kati ya kumi na tano, Naibu wa Fedha, kumi na tano, Naibu wa Mipango, kumi na tano. Naibu wa Taaluma alipata kumi na nne, kwa kukiri kwamba aliwahi kupiga miayo, na alishauriwa achukue likizo.

Kamati haikuhitaji kiambatisho kuelewa ilichokiona. Safu hiyo ilikuwa ikipima ukuu wenyewe. Ikaitwa Safu ya Ukuu, na alama ya kufaulu ikawa kumi na tatu.

Siku ya mtihani waombaji saba waliketi ukumbini, kila mmoja na namba yake. Wakubwa walishika namba moja hadi nne kwa heshima, kwa hiyo waombaji walianzia tano, na Mama Dodoso alikuwa wa mwisho, Namba Kumi na Moja. Alipogeuza karatasi aliona kosa la chapa kwenye swali la tisa, kosa ambalo limemnyima raha kwa miaka kumi na miwili. Akainua mkono.

Msimamizi, bwana mmoja wa masjala aliyevaa saa mbili, ya kwake mkononi na ya Chuo shingoni, alimsogelea.

"Samahani," Mama Dodoso alisema. "Hili dodoso ni langu."

"Ni lako kwa dakika arobaini. Baadaye unalirudisha."

"Namaanisha nimeliandika mimi."

"Bado hujaandika kitu, dada. Nakuona kutoka pale mbele, karatasi yako nyeupe."

"Na ukurasa wa mwisho haupo."

"Haupo kwa wote. Hapa hatubagui."

Mama Dodoso akajaza. Je, sijawahi kusema uongo? Amewahi; wiki iliyopita alimsifia mama mkwe kitenge. Je, kila ninapokosolewa hufurahi? Hajafurahi hata siku moja. Je, sijawahi kumchukia mkubwa wangu wa kazi? Alifikiri kidogo, kwa haki, kisha akaiacha tupu. Alipomaliza alikuwa na vema tatu. Barua ilikuja baada ya siku nne: "Kamati imepokea kwa masikitiko alama yako ya 3 katika Safu ya Ukuu. Unaruhusiwa kurudia baada ya wiki mbili. Wakati huo huo unashauriwa umwone mtaalamu."

Jumamosi alasiri alimsomea mumewe barua ile. Mumewe alikuwa fundi friji, na alikuwa uani amechuchumaa mbele ya friji ya mteja iliyo wazi mgongo.

"Mama watoto, hebu nieleweshe taratibu," mumewe alisema. "Mtihani umeutunga wewe."

"Nimeutunga mimi."

"Majibu unayajua."

"Nayajua."

"Na umefeli."

"Nimefeli."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Mimi nimeharibu friji nyingi, lakini sijawahi kuharibu kwa ustadi huo. Sasa si wamesema kuna kurudia? Weka vema zako kumi na tano, uwe profesa, tupumue."

"Nitakuwa nimedanganya."

"Mteja akiniuliza friji itapona lini, nasema kesho. Miaka thelathini nasema kesho. Nimemuua nani?"

"Umeozesha samaki za watu."

"Samaki, lakini si watu." Alifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama mkewe kwa huruma ya kweli. "Msema kweli mpenzi wa Mungu, mke wangu. Ila si mpenzi wa Kamati."

Jumapili, mumewe alipokwenda kuzika, Mama Dodoso alichukua nakala ya dodoso na penseli, akaketi mezani. Akaweka vema. Akaweka ya pili. Akaziweka zote kumi na tano, zikashuka ukurasani moja chini ya nyingine, zimenyooka, zinapendeza. Akauona mlango wa ofisi yake umeandikwa Profesa. Akawaona wanafunzi wake sita wamebaki. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ambavyo angependa mtu ajue, kisha akaichana karatasi vipande vinne, na vipande vinne akavichana tena. Jumatatu akakata rufaa.

Rufaa zina utaratibu wake. Kanuni inasema rufaa yoyote ya kitaaluma ipelekwe kwa mtaalamu wa nje, asiyemjua mrufani, na maoni ya mtaalamu huyo ni ya mwisho. Katibu wa Kamati, mtu mwangalifu aliyepiga mhuri hata mialiko ya harusi yake, aliandikia taasisi zote zinazohusika akiuliza ni nani anayelijua dodoso hili kuliko wengine. Majibu yote yalitaja mtu mmoja, anayepatikana hospitalini siku za Jumanne na Alhamisi. Katibu akamwandikia kwa anwani ya hospitali. Mama Dodoso alipofungua bahasha ile na kuona mafaili kumi na moja, alivuka barabara akiwa bado amevaa koti jeupe.

"Bwana Katibu, mtaalamu wenu ni mimi."

"Tunashukuru kwa kukubali, Dokta."

"Sijakubali. Mrufani ni mimi."

"Mrufani ni Namba Kumi na Moja," Katibu akasema kwa upole. "Kanuni inasema mtaalamu asimjue mrufani. Unamjua?"

"Namjua. Ni mimi!"

"Basi usimjue."

Mama Dodoso akavuta pumzi. "Mganga hajigangi, Bwana Katibu. Faili langu sitaligusa. Lakini nitawaeleza safu ya sita inapima nini, na nitaandika juu ya wale wanne mliowatumia kupanga alama."

"Hilo halikatazwi."

"Na barua ya Namba Moja iwe siri. Apewe mwenyewe, mkononi, asome peke yake. Tena nakuomba sana, safu ya sita isitangazwe. Ikishajulikana ni mtego, haitanasa mtu tena. Itakuwa imekufa."

Katibu aliandika yote hayo, akapiga mhuri. "Nitaandika 'Siri' kwenye bahasha," alisema. "Ila nikuibie siri, Dokta. Hapa kila kitu husomwa kwanza kwa sauti kwenye Seneti, ndipo tunaanza kufikiri."

Aliandika maoni yale kwa siku tatu, akifuta neno baada ya neno. Alikuwa na hasira, na hasira ilimpa sentensi nzuri nzuri, kali, ambazo alizifuta moja baada ya nyingine. Lile faili la Namba Moja halikuwa la adui. Aliligeuzageuza akaona ni la mtu ambaye, akiwa peke yake ofisini, mlango umefungwa, hakuna anayemtazama, ameulizwa kama amewahi kuchelewa hata mara moja maishani, na ameshindwa kusema ndiyo.

Siku ya Seneti, wajumbe sitini walikuwa ukumbini, kila mmoja na chupa ya maji na karatasi ya kuangalia asipotaka kuangaliwa. Mkuu wa Chuo aliketi meza kuu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kufungulia makongamano. Mama Dodoso alipewa kiti cha mtaalamu mwalikwa, pembeni, penye upepo.

"Ipo bahasha ya siri kwa Mheshimiwa Mkuu," Katibu alitangaza.

"Isome," Mkuu alisema.

"Imeandikwa siri, Mheshimiwa."

"Mimi sina siri. Nimejibu hivyo kwenye swali la themanini na mbili, na nimepata vema."

Mama Dodoso alisimama. "Mheshimiwa, ningekuomba uisome mwenyewe kwanza. Nakuomba kwa dhati."

"Naona mtaalamu ana wasiwasi," Mkuu aliwaambia wajumbe, nao wakacheka kwa kiasi kinachotakiwa. "Soma, Katibu. Wajumbe wajifunze."

Katibu akasoma, kwa sauti ile ile anayosomea mahudhurio.

"'Safu ya sita hupima kiasi ambacho mtu anadanganya ili aonekane mwema. Namba Moja amepata kumi na tano kati ya kumi na tano. Katika watu elfu nne na mia mbili, nimeiona alama hiyo mara mbili tu. Mmoja alikuwa mahabusu anaomba dhamana. Mwingine alijaza dodoso akiwa ameketi kando ya mkwewe. Alama hii haisemi kwamba mtu ni mbaya. Mara nyingi inasema kwamba anaogopa, na ameogopa kwa muda mrefu hadi amezoea. Nashauri majibu yake mengine yasitumike kwa lolote. Asiadhibiwe. Apumzike, kisha aulizwe upya, taratibu, na mtu asiyemwogopa.'"

Katibu akageuza karatasi, akaona nyuma hakuna kitu, akaketi. Chupa moja ya maji ilianguka huko nyuma ikabingirika, na hakuna aliyethubutu kuiokota.

Mkuu alinyoosha tai yake. "Demokrasia ni msingi wa Chuo hiki," alisema hatimaye. "Tupige kura. Anayeona kwamba mimi naogopa, ainue mkono."

Hakuna mkono ulioinuka.

"Anayeona kwamba siogopi."

Mikono yote ikapaa kwa pamoja, mingine miwili miwili. Mkuu aliitazama kwa raha mwanzoni. Kisha macho yake yakatua kwa Naibu wa Fedha, aliyeinua mkono juu kuliko wote mpaka shati likachomoka.

"Hata wewe?" Mkuu akauliza. "Juzi si umenikuta nimejificha nyuma ya kabati, namkwepa mgeni wa wizarani?"

"Sikukuona, Mheshimiwa."

"Tulisalimiana."

"Sikumbuki, Mheshimiwa."

"Ukanishikia miwani!"

Naibu wa Fedha hakushusha mkono. Wengine nao hawakushusha, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mkuu aliwatazama mmoja mmoja, safu kwa safu, na sauti yake ilipotoka tena haikuwa ile ya makongamano.

"Huyo mtu asiyeniogopa," alisema, "anapatikana wapi?"

Wote wakaangalia karatasi zao. Mama Dodoso peke yake ndiye aliyekuwa hana karatasi.

"Katibu," Mkuu akasema, "faili la mrufani mbona halina maoni ya mtaalamu?"

"Mtaalamu amekataa kulisahihisha, Mheshimiwa. Amesema ni la kwake."

"Nipe." Mkuu akavaa miwani, akapitia kurasa taratibu. "Tatu," akasema. "Hapa kwenye swali la sitini, 'Sijawahi kumchukia mkubwa wangu wa kazi.' Hukuweka vema."

"Sikuweka," Mama Dodoso alijibu.

"Umenichukia lini?"

Aliuona ule mlango ulioandikwa Profesa ukisogea mbali, na kile chumba chake kikijaa viti vya mahafali hadi darini. "Mara ya kwanza uliponinyima, Mheshimiwa. Na mara ya pili. Na leo asubuhi kidogo, nikiwa napanda ngazi."

Mkuu alikunja lile faili, akaliweka mbele yake, akalipapasa kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Mpeni uprofesa wake," alisema.

Kumbukumbu za kikao zinasema: "Imeazimiwa kwamba Namba Kumi na Moja apandishwe cheo kwa kufeli." Makofi yalipigwa. Mama Dodoso alilia mbele za watu, jambo ambalo profesa anaruhusiwa, na mumewe alipopigiwa simu aliwaambia wateja wote kwamba friji zao zitapona leo.

Lakini Seneti haikuishia hapo, kwani Seneti haina desturi ya kuishia. Mwenyekiti wa Kamati ya Haiba Stahiki alisimama na hoja yake ya twiga. Kama profesa wa haiba mwenyewe amepata tatu, alisema, basi tatu ndiyo haiba ya kiprofesa. Profesa mpya alipinga. Akaambiwa aache unyenyekevu. Ikapita. Ukatoka Waraka Namba Arobaini na Moja, umeambatishwa majibu ya Namba Kumi na Moja kama mfano, na viongozi wote pamoja na wajumbe wote wa Seneti wakatakiwa kupimwa upya Jumatatu, safari hii kwa nakala kamili, jalada na kiambatisho.

Matokeo yaliletwa kwenye kile chumba chini ya ngazi na Katibu mwenyewe, mikono miwili, uso umechangamka.

"Profesa, hongera. Umekigeuza Chuo. Wajumbe sitini, na wote wamekuwa wakweli."

Profesa akafungua furushi. Karatasi ya kwanza, tatu. Ya pili, tatu. Naibu wa Fedha, tatu. Naibu wa Mipango, tatu, na pembeni ameandika "kwa uaminifu". Tatu, tatu, tatu, hadi vidole vikachoka kufunua. Hata zile vema zilikuwa mahali pale pale alipoziweka yeye, swali kwa swali. Alijua tangu mwanzo kwamba ingekuwa hivi, na bado ilimuuma. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imelala pale mezani, imefishwa na watu wenye mwandiko mzuri. Alicheka kidogo, kisha akaona kwamba hakuwa anacheka.

"Hizi ni hamsini na tisa," alisema.

"Ya sitini mwenyewe amekataa kunipa," Katibu alijibu, akashusha sauti. "Nadhani ana aibu. Amesema ataileta."

Katibu alipoondoka, Profesa alibaki akitazama miguu ikipita dirishani. Viatu virefu vyeusi vilipita, vikarudi, vikapita tena, vikasimama. Halafu hodi ikabishwa mlangoni, taratibu sana, kama ya mtu anayeomba isisikike.

Mkuu wa Chuo aliingia akiwa ameinama ili asigonge kichwa chini ya ngazi. Mkononi alikuwa na dodoso lake, limefutwafutwa hadi karatasi imetoboka sehemu mbili.

"Nimejitahidi," alisema. "Nimekaa nalo siku mbili. Nimepata tisa."

Profesa alilipokea. Vema zilikuwa tisa kweli, zimetawanyika, hazikufuata mpangilio wa mtu yeyote. Kwenye swali la tano, lile la kutosema uongo hata mdogo, vema ilikuwa imewekwa, ikafutwa, ikawekwa, ikafutwa.

"Wenzangu wote wamepata tatu," Mkuu akasema. "Chuo kizima, mwenye haiba mbovu ni mimi."

Profesa aliisukuma ile milima ya karatasi za tatu ikaangukia kwenye kapu la taka, akakiondoa kiti cha pili ukutani na kukisogeza.

"Keti, Mheshimiwa," alisema. "Hao wengine sina la kuwafanyia. Wewe naweza kuanza nawe."

Mkuu wa Chuo akatazama nyuma kuhakikisha mlango umefungwa, akaketi, akaanzia lile swali la tano.